Je, wajua? Ukumbi wa kupasulia maiti wa Padova haukuwa wa siri

Ukienda Padova kule Italia ukaingia Palazzo Bo, jengo la zamani la chuo kikuu kilichoanza mwaka 1222, utaona mengi: ngao za wanafunzi na walimu zimejaa kuta nzima, jukwaa la mbao linalosemekana Galileo alifundishia, na sanamu ya Elena Cornaro Piscopia, mwanamke aliyepewa udaktari wa falsafa mwaka 1678. Ila sehemu inayonyamazisha kundi zima ni ukumbi wa kupasulia maiti uliojengwa mwaka 1595, ambamo wanafunzi wa udaktari walijifunza mwili wa binadamu, na swali ambalo kila mtu anatoka nalo ni hili, kwa nini umejengwa kama kisima?

Mi miaka mingi nilijua jibu ni siri. Nilisimuliwa kwamba Kanisa lilikataza kupasua maiti, kwa hiyo wakajificha kwenye kishimo chenye giza, na meza ilikuwa inapinduka, wakisikia wakaguzi wanakuja maiti inadondoshwa mtoni chini ya jengo. Stori tamu, na bado inasimuliwa sana, lakini haiendani kabisa na mambo yalivyokuwa. Mwaka 1299 Papa Boniface VIII alikataza kukatakata na kuchemsha miili ya watu waliofia mbali ili mifupa isafirishwe kwao, basi, na watu wa baadaye wakaja kuisoma amri hiyo kana kwamba imepiga marufuku anatomia yote, yaani elimu ya mwili kwa njia ya kupasua maiti. Wakati haijapita hata miaka 20, kule Bologna, daktari Mondino de Liuzzi alikuwa anapasua maiti mbele ya wanafunzi bila kujificha. Na Padova ilikuwa chini ya Venezia, serikali ndo iliyokuwa inatoa miili ya walionyongwa, zoezi linafanyika hadharani, hata wasio wanafunzi wanakuja kutazama. Kaukweli kadogo kapo: miili ilikuwa haitoshi, na Vesalius, mtaalamu wa anatomia aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1537, ameandika mwenyewe habari za wanafunzi kuiba maiti makaburini. Lakini hiyo ni shida ya uhaba, sio ya Kanisa.

Sasa kisima kilikuwa cha nini? Cha macho. Fikiria ajali barabarani, watu wamezunguka, wa mbele anaona kila kitu, wa tatu anaona visogo tu, wa nyuma anarukaruka. Profesa Girolamo Fabrici, aliyefundisha humo, naye alikuwa na umati kama huo, na kitu cha kuonesha kinaweza kuwa kidogo kama vali za ndani ya mshipa, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, ambazo ni yeye aliyezichunguza kwa kina. Kwa hiyo ukumbi ukajengwa kama faneli ya mafuta ya taa, mdomo juu, tundu chini, na meza iko penye tundu. Ngazi sita za duara-yai zinapanda wima hivi kwamba miguu yako iko karibu na kichwa cha aliye mbele yako, ukiinama kidogo kwenye kizuizi cha mbao macho yako yanashuka moja kwa moja mezani. Viti havikuwepo, maana anayekaa anahitaji nafasi ya magoti, na magoti yangewasogeza watu mbali na maiti. Walisimama wamebanana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi, zaidi ya 200, kwa mwanga wa mishumaa.

Tena zoezi lilifanyika wakati wa baridi kali. Friji hakuna, mwili unaharibika, ndo maana kwa desturi walianza na tumbo kwa sababu matumbo yanaoza kwanza, halafu kifua, halafu kichwa, mikono na miguu mwisho. Mmoja wa wanafunzi wa Padova enzi hizo za Fabrici ni William Harvey, Mwingereza aliyehitimu mwaka 1602 na baadaye, mwaka 1628, akaja kueleza mzunguko wa damu.

Ukumbi ulitumika mpaka 1872. Leo mtalii hapandi kwenye zile ngazi za mbao, anaingia kwa chini, kwenye chumba walichokuwa wanaandalia maiti kabla ya kuipandisha. Unasimama chini ya lile tundu, unainua kichwa, na vizuizi vya mbao vinakuzunguka duara juu ya duara mpaka darini, vyote vimeelekezwa kwako. Aliyeona hivyo zamani ni yule aliyelala mezani peke yake.