Mgonjwa wa saratani mpikieni mtori, msimfungishe

Hapa kliniki ya lishe Moshi kila mara naletewa mgonjwa suruali inamshuka, mkanda umetobolewa matundu mapya, nikiuliza anakula nini ndugu ndo wanaodaka jibu: dokta, nyama tumemkataza, maziwa tumemkataza, sukari hagusi kabisaa, tunampa juisi ya bitiruti na uji mweupe. Nia ni nzuri ila jamani mnammaliza kabla kemo, yaani zile dawa za kuua saratani, haijafanya kazi yake.

Hii ya sukari kulisha saratani imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukweli ni kwamba kila seli mwilini inatumia sukari, na usipoila mwili unaitengeneza wenyewe kwa kula misuli yako, kwa hiyo ukimfungisha kinachoisha ni misuli, uvimbe uko palepale. Soda za kila siku sio lazima, na mwenye kisukari afuate alivyoelekezwa, lakini ndizi, wali, ugali, matunda, ale. Akikonda sana dokta anaweza kulazimika kupunguza dozi au kuahirisha mzunguko wa kemo, na hiyo ndo hasara yenyewe.

Protini anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 90. Yai moja lina kama 6 tu, glasi ya maziwa kama 8, sasa hilo yai la asubuhi mnalojisifia nalo bado sana! Bahati nzuri huku kwetu mtori upo. Chukua ndizi mshare, nyama ichemke mpaka ilegee, ponda vyote, tia maziwa au parachichi au kijiko cha siagi, hata mwenye saratani ya koo la chakula, ambayo Kilimanjaro tunaiona sana, kwa wengi unapita. Ila upoe kwanza, usimpe wa moto unaofuka moshi.

Akiwa na kichefuchefu msimjazie sahani, mpeni kidogo kidogo kila baada ya masaa 2 au 3, na cha baridi kinavumilika zaidi maana hakitoi harufu. Kile chakula anachokipenda kuliko vyote msimpe siku ya dripu ya kemo, akikitapika anaweza kukichukia jumla. Mdomo ukileta ladha ya chuma tumieni kijiko cha plastiki. Vidonda mdomoni, pilipili na ndimu viwekwe kando.

Kitu kingine, kwa dawa nyingi kinga inashuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Maziwa yachemshwe hata kama ni ya ng'ombe wenu wa nyumbani, mgando wa maziwa mabichi usubiri, kisusio, ile supu ya damu, kisichoiva hapana, hata kama babu anasema ndo kinaongeza damu. Joto likifika 38 ni hospitali usiku huohuo, sio kumeza Panadol na kulala.

Na zile poda za majani mnazonunua stendi, leteni kopo nilione kabla hajanywa, zingine zinagongana na dawa. Uzito mpimeni kila wiki hata kwenye mzani wa mtaani, andikeni kwenye daftari mje nalo kliniki.