Remiksi ya klabu ni nini?

Remiksi ya klabu ni wimbo uliokwisha kurekodiwa, ambao prodyuza mwingine anauchukua na kuujenga upya ili watu wauchezee disko. Mara nyingi kinachosalia ni sauti ya mwimbaji tu. Ngoma, besi na vinanda vinawekwa vipya. Tofauti na Bongo Fleva, ambako remiksi kwa kawaida ni kumwalika msanii mwingine aongeze ubeti (Diamond Platnumz na Davido kwenye "Number One"), hapa hakuna mgeni anayeingia kuimba.

Mfano usiopingika ni "Show Me Love" wa Robin S, mwimbaji wa New York. Singo hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1990 na haikutikisa popote. Baadaye DJ wa Sweden, StoneBridge, akaufanyia kazi. Lebo ikalikataa toleo lake la kwanza. Akarudi studio, akafuta karibu kila kitu, akabaki na ngoma na sauti ya Robin, kisha pale ambapo pangekuwa na besi ya kawaida akaweka mlio wa ogani uliomo tayari ndani ya Korg M1, kinanda cha Kijapani. Yeyote aliyekuwa na kinanda hicho alikuwa nao! Ila yeye ndiye aliyeuacha utawale wimbo: mfupi, mkavu, kama chupa tupu inayogongwa kwa kijiko. Mwaka 1993 wimbo ukafika namba 6 Uingereza na namba 5 Marekani.

Sikiliza toleo la klabu na utaona linaanza na ngoma peke yake kwa muda mrefu, jambo linalowachosha wasikilizaji wa redio. Ngoma hizo ni za DJ: anazitumia kulinganisha mwendo wa wimbo unaoingia na ule unaomalizika, sakafu isisimame. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 matoleo haya yaliwekwa kwenye santuri za inchi 12, zenye nafasi ya dakika nyingi na besi nzito.

Malipo ndiyo yenye utata. Kwa desturi mtengeneza remiksi hulipwa mara moja, na haki za utunzi hubaki kwa watunzi. Beyoncé alipotoa "Break My Soul" mwaka 2022, wengi walitambua ogani ileile, wakamtaja Robin S. StoneBridge walimtaja wachache.