"Bei ya chini iliyotathminiwa" si bei ya chini

Kaunti ya Kenya ikiita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, hakosekani mtu wa kusimama na kusema: "Sheria inataka tenda ipewe mwenye bei ya chini, mbona huyu hakuwa wa chini?" Ukumbi unapiga makofi. Kisha afisa naye anainuka kujibu kwamba siku hizi kaunti inafanya "ununuzi endelevu", na ukimsikiliza vizuri unagundua anazungumzia miche iliyopandwa siku ya mazingira. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja: wameshika maneno bila kushika maana yake.

Maana yenyewe haichukui muda. Ununuzi endelevu ni kununua kitu ukiwa umehesabu gharama yake yote, tangu kinapotengenezwa hadi kinapotupwa: pesa za kukinunua, kukiendesha, kukirekebisha na kukiondoa, pamoja na athari zake kwa watu na mazingira. Ununuzi wenye ufanisi ni kupata kinachohitajika, wakati kinapohitajika, bila pesa wala muda kupotelea njiani. Miche inaweza kuingia humo au isiingie. Inategemea kama kuna aliyepangiwa kuinyweshea maji mwezi wa Januari.

Sasa turudi kwenye sheria, maana ndiyo inayosingiziwa. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wenye usawa, wa wazi, wa ushindani, na pesa zinazotumika zilingane na faida inayopatikana. Ni mambo matano, na urahisi wa bei peke yake haumo. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007, ndiyo iliyosema kwamba zabuni inayoshinda ni ile yenye bei ya chini kabisa iliyotathminiwa. Watu wakashika "bei ya chini kabisa" na kuliacha neno la mwisho, na hilo ndilo linalobeba kazi yote.

Chanzo cha mkanganyiko nadhani ni ile siku ya kufungua zabuni. Bahasha zinafunguliwa mbele ya wazabuni na bei zinasomwa kwa sauti. Huyu milioni 4, yule milioni 6, mwingine milioni 5 na kitu. Kila aliyekuwepo anatoka na tarakimu zake kichwani, na kabla ya jioni mtaa mzima unajua "aliyeshinda". Hakuna aliyeshinda. Kamati ya tathmini ndiyo kwanza inaanza kazi, na ina hadi siku 30. Inaangalia kwanza vyeti: usajili wa kampuni, cheti cha ushuru, sahihi panapotakiwa sahihi. Kisha inaangalia uwezo na ubora: je, hiki anachouza ndicho kilichoombwa? Anayeanguka katika hatua hizo ameanguka, na bei yake haishindanishwi tena na ya mtu. Yule wa milioni 4 anaweza kuwa ameondoka mapema kwa sababu pampu aliyoahidi haifikishi maji mahali yanapotakiwa kufika. Kinacholinganishwa mwishoni ni bei za waliobaki.

Halafu sheria mpya ya mwaka 2015, katika kifungu cha 86, ikapanua mlango. Bei ya chini iliyotathminiwa bado imo, lakini kando yake kuna njia nyingine: zabuni yenye gharama ya chini ya kumiliki kitu kwa jumla. Hilo ndilo jambo ambalo ukumbini halitajwi kamwe.

Chukua taa za barabarani. Taa ya zamani ya sodiamu ya wati 150, kwetu huku karibu na ikweta ambako usiku ni saa 12 mwaka mzima, inakula takriban uniti 657 za umeme kwa mwaka. Taa ya LED ya wati 60 inakula kama 263. Tofauti ni uniti 394 kwa taa moja. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, ya sodiamu inauzwa Sh8,000 na ya LED Sh15,000, na uniti ni Sh20. Zile elfu 7 za ziada zimerudi kabla ya mwaka kwisha. Hata uniti ingekuwa Sh10, zingerudi kabla ya miaka miwili kwisha, na bado hatujahesabu gari la ngazi na mafundi wa kubadilisha balbu zilizoungua. Aliyenunua ya Sh8,000 ndiye aliyenunua ghali. Tatizo ni kwamba bili ya umeme inalipwa na fungu jingine la bajeti, kwa hiyo afisa wa ununuzi anapongezwa kwa kuokoa.

Hospitalini ni vibaya zaidi. Kuna mashine za kupima damu zinazokubali kemikali za kampuni iliyoziunda pekee. Zabuni inaita bei ya mashine, mashine inakuja kwa bei ya kutupa, picha zinapigwa. Baadaye hospitali inagundua kwamba kemikali zinatoka kwa muuzaji mmoja tu na kwa bei anayopenda yeye. Zikiisha, mashine inafunikwa kitambaa na mgonjwa anaelekezwa maabara ya nje ya geti. Kama hati ya zabuni ingeuliza gharama ya kila kipimo kwa miaka 5, mashine ile isingefika popote.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na maafisa wanaojitetea kwamba "tulitaka kizuri, sheria ikatubana". Sheria inaibana kamati ya tathmini isitumie kigezo ambacho hakikuandikwa kwenye hati ya zabuni. Hilo ni kweli, na ni zuri, la sivyo kila mmoja angebuni kigezo cha kumfaa shemeji yake. Lakini hati yenyewe inatoka kwa nani? Inatoka kwa kaunti, na maelezo ya kiufundi yanatoka kwa idara inayohitaji kitu. Kama idara imenakili maelezo ya barabara kutoka kaunti nyingine na kubadilisha jina tu, barabara ya Kano kule Kisumu, penye udongo mweusi unaovimba ukinywa maji, itajengwa kana kwamba iko juu ya mwamba. Mvua ya masika ikiibeba, aliyekosea si yule mwenye bei ya chini.

Kuhusu ufanisi nitasema machache. Si haraka. Kukata ununuzi mmoja vipande vipande ili kila kipande kipite kwa njia ya mkato kumekatazwa na sheria, ingawa kunafanana sana na wepesi. Na kaunti inayochelewesha malipo inajiongezea bei yenyewe, kwa sababu muuzaji akijua atasubiri mwaka mzima, ule mwaka anauweka ndani ya bei. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu inaumia zaidi hapo. Mama aliyekopa ili alete madawati hana mtaji wa kungojea. Halafu tunaambiwa makundi haya "hayana uwezo".

Kwa hivyo, ndugu yangu unayesimama ukumbini, swali lako ni la haki, ila unaliuliza tenda ikiwa imeshatolewa. Wakati huo mwenye nafasi ya kukata rufaa ni mzabuni, tena ndani ya siku 14 tangu aarifiwe. Nafasi yako iko mapema. Matangazo ya zabuni yanawekwa kwenye tovuti ya tenders.go.ke, na mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti si zaidi ya tarehe 1 Septemba. Mwakilishi wa wadi akija kukueleza habari za taa mpya au mashine mpya, usimuulize nani alikuwa wa chini. Muulize umeme na vipuri vyake vimewekewa pesa katika fungu gani, na kwa miaka mingapi.