Wikiendi ya Bamberg: yanayosemwa kuhusu mji wa kale na sherehe ya bia, na ukweli wake

Wanafunzi walioko kusini mwa Ujerumani, wakiwemo wa Bayreuth ambako chuo kikuu hufundisha Kiswahili na kuandaa kongamano lake, husikia mengi kuhusu Bamberg, mji wa jimbo la Bavaria, na sherehe yake ya Sandkerwa, mwishoni mwa Agosti. Mengi wanayosikia si kweli, na mengine huwatoa pesa bure.

Dhana: Sherehe ya bia ni Oktoberfest, nyingine zinaiga tu.

Oktoberfest ya Munich ilianza 1810 kwa harusi ya mwanamfalme Ludwig wa Bavaria. Bergkirchweih ya Erlangen, mji ulio kati ya Nürnberg na Bamberg, ni ya tangu 1755. Sandkerwa yenyewe ni changa, ya 1951, ila inatokana na kumbukumbu ya kutabarukiwa kwa kanisa la Mtakatifu Elisabeth mtaani Sand, chini ya kilima cha kanisa kuu. Ndiyo maana inafanyika vichochoroni mwa mtaa wenyewe, tofauti na mahema makubwa ya Munich. Pia si bia tupu: kuna mchezo wa wavuvi, ambapo watu husimama juu ya mashua kwenye mto Regnitz na kusukumana majini kwa miti mirefu. Kingo za mto hujaa mapema, kwa hiyo wahi.

Dhana: Bia ya moshi ya Bamberg imetiwa ladha, au imeharibika.

Hakuna kinachotiwa. Shayiri ikishaloweshwa na kuota huwa kimea, na kimea lazima kikaushwe. Zamani kilikaushwa juu ya moto wa kuni, hivyo bia nyingi zilikuwa na harufu ya moshi. Baadaye majiko yanayotenga moshi na nafaka yakaenea, na harufu ikapotea karibu kila mahali. Viwanda viwili vya Bamberg, Schlenkerla na Spezial, havikuacha: hadi leo vinakausha kimea vyenyewe kwa moto wa kuni za mti wa Buche.

Bia ya Schlenkerla ni nyeusi, ina kilevi cha takriban asilimia 5.1, na ukiinusa unakutana na harufu ya nyama iliyobanikwa. Wengi huweka glasi chini baada ya funda la kwanza. Usihukumu hapo, ulimi huzoea moshi taratibu, na kufikia nusu ya glasi utaanza kuonja kimea chenyewe. Ya Spezial ni nyepesi zaidi, basi anayesita aanze na hiyo. Wala si kila bia ya mji huu ina moshi. Agiza ya kawaida uletewe ya kawaida.

Dhana: Sheria ya usafi wa bia, inayosema bia itengenezwe kwa vitu gani tu, ilianza Bavaria mwaka 1516.

Bamberg, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya askofu mtawala wake na si ya Bavaria, ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1489.

Dhana: Miji ya kale ya Ujerumani yote imejengwa upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nürnberg iliteketea vibaya, lakini sehemu kubwa ya Bamberg ilinusurika, na mji wake wa kale uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1993. Mtu akija kwa bia peke yake anapoteza safari. Ndani ya kanisa kuu amezikwa Papa Klementi wa Pili, aliyefariki 1047. Katikati ya mto, kati ya madaraja mawili, kuna jumba la zamani la halmashauri. Angalia ukuta wake uliochorwa: mguu wa malaika mdogo umetokeza nje kabisa, umechongwa, huku mwili wake ni mchoro. Nenda asubuhi, sherehe haijachangamka. Jumapili kanisani kuna misa, kwa hiyo matembezi ya ndani yapange Jumamosi.

Dhana: Nauli ni kubwa mno kwa mwanafunzi.

Ukiwa na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa kanda kote Ujerumani, hulipi zaidi. Usipokuwa nayo, Bayern-Ticket hubeba hadi watu watano kwa siku moja: Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi, wikiendi kuanzia saa sita usiku, na mwisho wake ni saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Makosa ni mawili. Kwanza, kutoandika majina ya abiria kwenye tiketi. Pili, kupanda ICE, treni ya mwendo kasi, wakati tiketi zote hizi ni za treni za kanda tu. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60.

Dhana: Asiyekunywa pombe hana lake.

Kwa sheria inayotumika Bavaria, kila baa lazima iwe na angalau kinywaji kimoja kisicho na kilevi ambacho, kwa kipimo kilekile, hakizidi bei ya kileo cha bei ya chini kabisa. Omba Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi. Bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5, anayejizuia kabisa atafute "0,0" au aache.

Kwenye chakula ndiko mtego ulipo. Soseji kwa kawaida ni kitimoto. Kitunguu cha Bamberg hujazwa nyama ya nguruwe ya kusaga. Obatzda, jibini la kupaka, mara nyingi huchanganywa na bia kidogo, na samaki wa kukaanga huweza kuvikwa unga uliokorogwa kwa bia. Samaki wa kuchoma kwenye kijiti ni salama zaidi, ila uliza alivyokolezwa.

Dhana: Ukilewa, rudi kwa baiskeli.

Kuanzia 1.6 kwa elfu ya kilevi kwenye damu, kuendesha baiskeli ni jinai; ukiyumba au kusababisha ajali, hata 0.3 yatosha kukushtaki. Skuta ya umeme hufuata viwango vya gari: 0.5, na sifuri kwa aliye chini ya miaka 21. Kutoka mtaa wa Sand hadi kituo cha treni kwa miguu ni kama nusu saa.