Stenti ya moyo kwa mwenye sukari: mbona mshipa huziba tena?

Babangu ana sukari. Alitiwa stenti miezi 7 iliyopita, sasa daktari asema mshipa umeanza kuziba palepale. Je, stenti ilikuwa mbovu?

Si lazima. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma, nalo puto hukitanua hadi kikakazana na ukuta wa mshipa. Ukuta huchubuka, na mwili huutibu kama kidonda chochote: huota nyama. Ikiota kiasi, huifunika stenti vizuri. Ikizidi, njia ya damu hurudi kuwa nyembamba, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza.

Sukari inaingiaje hapo?

Ndiyo inayoichochea nyama hiyo. Sukari ikikaa juu huharibu utando wa ndani wa mshipa, na seli za misuli ya ukuta huzaana kupita kiasi. Tena mishipa ya mwenye sukari mara nyingi ni myembamba tangu mwanzo, na mafuta yametandaa sehemu ndefu, si mahali pamoja.

Si kuna stenti zenye dawa?

Zipo, na dawa yake huzuia nyama isiote ovyo. Zimepunguza tatizo sana, ila mwenye sukari bado yuko hatarini kuliko wenzake. Ndiyo sababu mwenye mishipa kadhaa iliyoziba huweza kushauriwa upasuaji, wa kuunga mshipa mwingine upitishe damu kando ya palipoziba. Katika utafiti wa FREEDOM wa 2012, uliohusisha wagonjwa 1,900 wa kisukari, baada ya miaka 5 waliofariki, kupata mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 upande wa stenti na 18.7 upande wa upasuaji. Kiharusi peke yake, lakini, kilizidi kwa waliopasuliwa.

Mbona yeye hasikii maumivu?

Sukari huharibu neva, moyo ukalalamika bila kifua kuuma. Mtazame akitoka kwenye feri ya Likoni: kile kilima alichokuwa akikipanda moja kwa moja, siku hizi asimama mara mbili kuvuta pumzi? Sisi husema ni uzee. Mpelekeni kliniki. Akibanwa kifua au kutokwa jasho jembamba ghafla, hospitali saa hiyohiyo.

Ramadhani yaja. Aache vidonge mchana?

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, asiziache hata siku moja bila daktari; damu yaweza kuganda ndani ya stenti kwa ghafla, na hilo ni baya kuliko nyama. Kwa kawaida kila kimoja humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo futari au daku yatosha. Za sukari ndizo hupangwa upya, na kama afunge au asifunge aulize wiki kadhaa kabla, apimwe na wastani wa sukari yake ya miezi 3 iliyopita. Mahamri ya futari nayo yatajwe huko kliniki, yasifichwe.