Maana ya matumizi kufuata mshahara

Tuwafikirie mke na mume wanaokaa Mbweni ya Unguja. Bibi ni meneja wa hoteli, bwana ni ofisa serikalini, na wakijumlisha huingiza shilingi milioni 6 kwa mwezi. Wana gari mbili, watoto watatu wanasoma skuli ya binafsi, kodi ya nyumba ni kubwa, michango ya harusi haikatiki, na ukifika mwezi wa Ramadhani kuna futari ya watu wengi na nguo za Idi za ukoo mzima. Mwezi ukimalizika zimebaki laki tatu. Mtaani wanahesabiwa matajiri.

Hali yao ndiyo iitwayo matumizi kufuata mshahara: kipato kikipanda daraja, maisha nayo yanapanda daraja hilo hilo, nyongeza ikayeyuka kabla haijalala. Si lazima wawe wafujaji. Ukiwauliza, kila shilingi ina sababu yake, na nyingi ni sababu za heshima. Nani atakataa kumchangia mtoto wa nduguye wa Wete anayeoa?

Anayekaa mjini Unguja anajua tofauti ya mfereji na tangi. Mshahara ni mfereji, utajiri ni yale maji yaliyokwishaingia tangini. Mfereji wa wawili hawa ni mpana kweli, lakini wakifika miaka 60 utafungwa.

Watu husema, "Si watapata kiinua mgongo na pensheni?" Watapata. Zanzibar ina Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, tangu mwaka 1998. Ila pensheni hupigwa kwa mshahara uliochangiwa. Posho za safari na za vikao hazimo, na kwa maofisa wengi posho ndizo zinazoendesha nyumba huku mshahara ukienda kwenye marejesho ya mkopo. Kwa hiyo siku ya kustaafu hupotea vitu viwili kwa pamoja, na ile pensheni hushika nafasi ya kimoja tu, tena nusunusu. Ipo pia pensheni jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Kwa bibi kizee wa Micheweni hiyo ni pesa ya maana. Kwa nyumba ya Mbweni haijazi hata tangi la gari.

Kipimo ninachokipenda mimi ni hiki: mwezi mmoja wa kula bila kazi unanunuliwa kwa miezi mingapi ya kazi? Wetu hawa wanatumia milioni 5.7 na kuweka laki tatu, basi ni miezi 19. Mwalimu na mkewe muuguzi wanaoingiza milioni 1.8, wakatumia milioni 1.35 na kuweka 450,000, wanahitaji miezi mitatu. Faida ya akiba sijaitia hesabuni, lakini tofauti inaonekana hata hivyo.

Matumizi makubwa yanakata pande mbili. Yanapunguza kinachowekwa, na papo hapo yanakuza fungu litakalohitajika uzeeni, kwa kuwa mtu hastaafu na maisha ya jirani yake, anastaafu na aliyoyazoea. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipiga hesabu kwamba mstaafu akitoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, fedha zingeweza kudumu miaka 30. Maana yake ni akiba ya mara 25 ya matumizi ya mwaka. Bengen alitumia takwimu za hisa na hatifungani za kwao, yaani mikopo ambayo watu huikopesha serikali kwa riba; huku wengi hukimbia riba na kuweka akiba kwenye nyumba ya kupangisha au shamba la mikarafuu, kwa hiyo usiichukue kama sheria. Lakini kwa kipimo hicho familia ya Mbweni ingehitaji shilingi bilioni 1.71.

Sasa wapandishe mshahara kwa milioni moja, matumizi yasiguswe: ile miezi 19 inashuka hadi kama minne na nusu. Waache na mshahara wao ule ule, wapunguze milioni moja ya matumizi: inashuka chini ya minne, na lile fungu la bilioni linapungua kwa milioni 300.