Figo la kiatu cha farasi: linapasuliwa lini, na linapasuliwa nini?

Nilipigwa ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, nikaambiwa mafigo yangu yameungana. Ni lazima nipasuliwe?

Hapana. Mafigo mawili yaliyoungana hivyo huitwa figo la kiatu cha farasi, kwa sababu ya umbo lake, na umbo lenyewe si ugonjwa. Hukadiriwa kumpata takribani mtu mmoja katika kila watu 500, wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengi huzeeka nalo bila kujua. Kinachopasuliwa ni tatizo linaloletwa na umbo hilo, kama lipo: mkojo kukwama, mawe, au uvimbe.

Yanaunganaje?

Mimba ikiwa changa, mafigo huanzia chini kwenye nyonga, kisha hupanda taratibu hadi karibu na mbavu. Yakigusana mapema, ncha zake za chini hushikana na kufanya daraja. Yakiendelea kupanda, daraja hilo hunasa chini ya ateri inayotoka kwenye mshipa mkuu wa damu kwenda utumbo mpana, na safari huishia hapo.

Basi mafigo hubaki chini kuliko kawaida, tena bila kumaliza kugeuka. Kifuko kinachokusanya mkojo hutazama mbele, na mrija wa kupeleka mkojo kwenye kibofu huchomoza juu mno, kisha hulazimika kupita mbele ya daraja. Karibu matatizo yote utakayosoma hapa chini yanaanzia kwenye mpangilio huo.

Kwa nini wasilikate tu hilo daraja, yawe mawili kama ya watu wengine?

Zamani walilikata, wakiamini ndilo linalobana mrija na kuleta maumivu. Siku hizi halikatwi ovyo. Mara nyingi daraja ni nyama hai ya figo yenye mishipa yake ya damu, kwa hiyo kulikata ni kukaribisha kuvuja damu na mkojo. Isitoshe, hata likikatwa mafigo hayahami, maana yameshikiliwa palepale na mishipa yake mifupi. Mgonjwa anabeba hatari yote na faida haionekani. Ukiambiwa daraja likatwe, uliza sababu. Ipo sababu halali, nayo nitaitaja mbele kidogo.

Sasa upasuaji wenyewe ni upi?

Unaofanyika sana ni wa kurekebisha mahali kifuko cha mkojo kinapoungana na mrija. Mgonjwa huja akilalamikia maumivu ya ubavuni au tumboni, pengine yanayozidi akinywa maji mengi, au maambukizi ya mkojo yasiyokoma.

Hapa pana mtego. Kifuko kilichopanuka kwenye picha si lazima kiwe kimeziba. Katika mafigo haya, upanuzi usio na kizuizi ni jambo la kawaida. Ndiyo maana hufanyika kipimo cha nyuklia: dawa yenye mionzi kidogo huchomwa mshipani, na mashine hufuatilia kila upande unafanya kazi kiasi gani na mkojo unashuka kwa kasi gani. Binafsi nisingekubali kupasuliwa kwa picha ya ultrasaundi peke yake.

Kizuizi kikithibitika, sehemu nyembamba hukatwa na mrija kushonwa upya mahali pa chini ya kifuko, mkojo ushuke wenyewe. Mbinu inayotumika zaidi ilielezwa na madaktari wa upasuaji Anderson na Hynes mwaka 1949. Leo hufanywa kwa kufungua tumbo, kwa matundu madogo, au kwa roboti. Wakikuta mshipa wa damu uliopita juu ya mrija, hawaukati. Kila ateri ya figo hulisha eneo lake peke yake, na ukiikata, kipande hicho cha figo hufa. Mrija ndio unaohamishwa. Kwa kuwa mishipa ya mafigo haya ni mingi na haifuati ramani ya kawaida, siti skani ya mishipa kabla ya upasuaji husaidia sana.

Na mawe?

Mawimbi ya mshtuko kutoka nje huweza kuvunja jiwe, lakini tundu la kutokea likiwa juu, vipande hubaki ndani. Jiwe dogo mara nyingi hufuatwa kwa kamera nyembamba inayopitia njia ya mkojo, likavunjwa kwa leza. Kubwa, tuseme linalozidi sentimita 2, hutolewa kupitia tundu mgongoni, kwa kawaida kwenye ncha ya juu ya figo. Kwanza siti skani, kwa sababu kwa baadhi ya watu hawa utumbo mpana umejificha nyuma ya figo, palepale sindano inapopita.

Kuna wakati upande mmoja hutolewa?

Ndiyo, upande huo ukiwa umekufa kabisa au una saratani. Hapo ndipo daraja hukatwa kwa haki, na upande wa pili huachwa ukiendelea na kazi.

Baada ya kurekebishiwa mrija, nitegemee nini?

Kwa kawaida utaachiwa ndani kimpira chembamba kutoka kwenye figo hadi kibofu, kwa wiki 4 hadi 6 hivi, ili mshono upone. Kinaweza kukufanya ukojoe mara kwa mara, uone damu kidogo, au usikie maumivu ubavuni unapokojoa. Homa kali au mkojo kugoma ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Na usiondoke bila kuandikiwa tarehe ya kukitoa, hata kama husikii chochote: kikisahauliwa miezi mingi huota mawe juu yake, na kukitoa huweza kuhitaji upasuaji mwingine.